Redio yangu ilivyonidai kodi

Betri ya gari ilikufa Jumatatu asubuhi hapa Njiro, Arusha, watoto wameshafunga mikanda. Kijana wa betri akaja na bodaboda, akatoa ya zamani, akafunga mpya, dakika kumi kamaliza. Gari likawaka. Redio kimya, kioo chake kinaandika CODE. Kijana akachungulia: "Mama, redio inadai kodi." Mwenye nyumba nimemlipa, TRA nimewalipa. Hii ya redio sikuwa nimeiweka kwenye bajeti.

Gari ni Honda CR-V ya 2004 iliyotoka Uingereza. Redio zake zina kinga ya wizi: umeme wa betri ukikatwa, haiimbi tena mpaka uingize namba ya siri ya tarakimu tano. Mwizi akiing'oa anabaki na boksi bubu. Sawa, lakini na mimi niliyenunua gari mkononi mwa mtu nabaki na boksi hilohilo, maana kadi yenye namba haikuja na gari. Wengine hukuta stika kwenye droo ya dashibodi. Yangu nilikuta gundi tu.

Najua utaniambia nitupe, ninunue skrini ya Android. Sitaki. Kwanza hii imekaa kwenye dashibodi kama ilivyozaliwa nayo. Pili, inashika stesheni zote. Jirani yangu ana Toyota ya Japani, na redio za kule zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90, kwa hiyo nusu ya stesheni za Arusha kwake hazipo mpaka afunge kile kifaa cha kuongeza masafa.

Gereji ya kwanza fundi alitaka kuifungua redio, atoe chipu ya kumbukumbu asome namba humo. Shilingi 80,000, "na ikiungua mama usinilaumu." Nikamshukuru, nikawasha gari.

Mume wangu akasema tutabahatisha. Namba inaingizwa kwa vitufe vya stesheni, ambavyo ni 1 hadi 6 tu, naye akaona ni kazi ndogo. Alipofika jaribio la nane ndipo akapiga hesabu: namba zinazowezekana ni 7,776. Na redio inakupa majaribio kumi, baada ya hapo uiache imewashwa saa nzima ndipo ujaribu tena. Ni saa kama 778, yaani zaidi ya mwezi mmoja usiku na mchana, kwa betri niliyoinunua juzi. Nikamwomba ashuke kwenye gari.

Nilijaribu pia mtandaoni. Honda ya Marekani ina tovuti inayotoa namba bure ukiweka namba ya chesisi na namba ya redio, ila ni kwa magari yaliyouzwa kule. Langu likakataliwa.

Aliyenisaidia ni fundi redio mmoja wa mtaa wa Unga Limited, kibanda chake kimejaa spika. Alichonifurahisha ni kwamba hakugusa bisibisi. Kabla ya lolote akaomba kadi ya gari, akalinganisha chesisi na jina langu. "Usinielewe vibaya dada, hizi redio zinaibwa sana." Sikumwelewa vibaya hata kidogo, asiyeuliza ndiye wa kuogopwa.

Kisha akawasha swichi huku redio imezimwa, akabana kitufe cha 1 na cha 6 kwa pamoja, akabonyeza cha kuwashia. Kioo kikaleta herufi U na tarakimu nne, halafu L na tarakimu nne nyingine. Ukiziunganisha unapata namba ya redio yenyewe, tarakimu nane, na kwa hiyo namba ndipo ya siri inapotafutwa. Akaiandika kiganjani kwa kalamu. Alisema si kila redio inakubali ujanja huo. Nyingine lazima ing'olewe usome stika iliyobandikwa kwenye bati lake.

Bei 30,000, nusu kwanza. Hapo ndipo penye lalamiko langu. Aliniambia nusu saa, "mtu wangu yuko hewani." Nilifika saa nne asubuhi, ujumbe wenye namba ukaingia saa kumi jioni, nimeshakula chipsi mayai na kusoma gazeti la juzi mpaka matangazo ya zabuni. Risiti pia hana, usimuulize. Lakini namba ilikuwa sahihi mara ya kwanza: nilipobonyeza tarakimu ya tano redio ikalipuka katikati ya matangazo ya vifo, sote tukaruka.

Redio ya Toyota yenye skrini, ile inayogoma mpaka uirudishie kadi yake ya ramani, yeye haigusi. Alimwambia hivyo mteja aliyenifuata, bila kumzungusha.

Namba nimeihifadhi kwenye simu yangu na ya baba watoto, ndani ya gari sikuiacha. Stesheni zote nilizokuwa nimehifadhi zimefutika. Mwanangu wa pili kazipanga upya bila kuniuliza, na kitufe cha 1, kilichokuwa cha taarifa ya habari, sasa ni bongo fleva.