Gia moja kwenye jiji la miamba: uzoefu wangu na baiskeli ya fiksi hapa Mwanza

Tuanze kwa kuwapa wazee haki yao. Kila Phoenix unayoiona ikija mjini na magunia ya mkaa kutoka njia ya Usagara ni baiskeli ya gia moja. Usukuma nzima imenyonga gia moja tangu enzi za babu zetu, kwenye vumbi, kwenye tope, na mzigo juu ya keria. Kwa hiyo akija kijana kukuambia baiskeli ya gia moja ni fasheni mpya, msikilize kwa heshima halafu endelea na shughuli zako. Kilicho kigeni kwetu ni ndugu yake, ile wanayoiita fiksi, ambayo gia ya nyuma imekazwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila friwili ya kuliachia gurudumu lizunguke peke yake. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Huwezi kuacha kunyonga ukaiachia itereze yenyewe, hata kwenye mteremko.

Yangu ni vyote viwili. Habu yake ya nyuma ina nyuzi pande zote: upande mmoja unakaa gia ya fiksi, upande wa pili friwili ya kawaida. Unalegeza nati mbili, unaligeuza gurudumu kulia kuwa kushoto, unakaza, basi. Niliipata kwa muuza mtumba hapa hapa mjini. Alianza na laki nne na nusu, tukavutana mpaka laki tatu na nusu. Fremu ni ya chuma, rangi imechubuka, na nembo zimefutika kiasi kwamba hata muuzaji hakujua ni ya kampuni gani. Hilo halikunisumbua. Kwenye baiskeli ya namna hii jina lina uzito mdogo kuliko vitu vitatu: umbo la sehemu inapokaa ekseli ya nyuma, hali ya nyuzi za habu, na hesabu ya meno.

Sehemu ya ekseli kwanza. Baiskeli ya gia nyingi ina ule mkono wa nyuma unaovuta cheni isilegee. Ya gia moja haina, kwa hiyo cheni unaikaza kwa kusogeza gurudumu zima nyuma. Hilo linawezekana kama mpasuo wa fremu umelala, siyo ule unaoelekea chini. Watu wengi wananunua fremu nzuri ya zamani yenye mpasuo wa kusimama, halafu wanahangaika na cheni inayoruka kila wakipita tuta. Ukiwa dukani chungulia hapo kabla ya kuangalia rangi.

Nyuzi za habu zinakaguliwa kwa kumwomba muuzaji afungue gia. Akikataa, ondoka. Gia ya fiksi inakazwa kwa nyuzi za kawaida, halafu juu yake inakuja ringi ya kufungia ambayo nyuzi zake ni za kinyume, yaani inakazwa kwa kuzungushia kushoto. Sababu ni kwamba ukikaza miguu kupunguza mwendo, nguvu yako inasukuma gia ifunguke, na ringi ya nyuzi za kinyume ndiyo inayoizuia. Mafundi wetu wengi hawajawahi kukutana na kitu hicho. Wanaifungua kwa mkono waliouzoea, kumbe wanaikaza, wanaongeza bomba kwenye spana ili wapate nguvu, na nyuzi zinaliwa. Simama pale pale fundi akifanya kazi, mwambie mapema.

Sasa meno, na hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na miji mingine. Baiskeli nyingi za namna hii zinatoka kiwandani na meno 46 mbele na 16 nyuma, na yangu ilikuja hivyo hivyo. Kwa tairi la kipimo cha 700, ambalo mzingo wake ni kama mita 2.1, kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea mita 6 hivi. Kwenye jiji tambarare hiyo ni raha. Lakini sisi tumejenga juu ya mawe. Ukipanda Bugando kwa kilomita 10 kwa saa ukiwa na gia hiyo, miguu inazunguka mara 28 tu kwa dakika. Kila pedeli ni kama kusukuma kabati. Isamilo ndiyo usiseme. Magoti yatakudai.

Nilichofanya ni hiki. Upande wa friwili nikafunga meno 20, na upande wa fiksi nikaweka 18. Mbele nimeacha 46. Kwa 20 nasogea mita 4.8 kwa mzunguko, kwa 18 mita 5.4. Tofauti ya meno mawili inamezwa na ule mpasuo uliolala, cheni sihitaji kuikata wala kuiunga. Naona wengi wanashauriana wachague gia moja ya katikati na kuvumilia. Mimi nasema kama habu yako ina pande mbili, usiweke idadi moja ya meno kote kote. Unajinyima kitu ulichokilipia. Hata wakubwa walifanya hivyo: mbio za Tour de France zilianza mwaka 1903, na vifaa vya kubadilisha gia ukiwa unaendesha havikuruhusiwa humo mpaka mwaka 1937. Miaka yote hiyo waendeshaji walikuwa wanafika chini ya mlima, wanashuka, wanageuza gurudumu la nyuma upande wenye gia nyepesi, kisha wanapanda. Nami nikiwa na safari ya kwenda Bugando kumwona mgonjwa nageuzia nyumbani kabisa, maana kuinama barabarani na spana namba 15 mbele ya bodaboda wanaosubiri abiria ni kujitafutia maswali.

Maswali yenyewe hayakosekani. Siku moja nilisimama Mabatini kujaza upepo. Fundi, mtu mzima wa makamo, akainua gurudumu la nyuma, akajaribu kulizungusha, pedeli nazo zikazunguka.

"Friwili yako imekufa, mwanangu. Imeganda kabisa hii." Tayari ameshashika kopo la oili chafu.

"Shikamoo baba. Haijaganda, ndivyo ilivyotengenezwa."

"Marahaba. Aliyeitengeneza alikuwa na ugomvi na nani?"

Nilimpa aizungushe uwanjani pale. Alienda hatua chache, akataka kupumzisha miguu kama alivyozoea, pedeli ikamrusha kidogo juu ya tandiko. Akarudi anacheka, akasema hii ni punda. Sikubishana naye, kwa sababu mwanzoni fiksi inamfanyia kila mtu hivyo. Mwili umezoea kuacha kunyonga unapokaribia kona au tuta, na mazoea hayo lazima uyafute. Kwenye kona pedeli ya ndani haiwezi kukaa juu ikusubiri, inaendelea kuzunguka. Ukilaza baiskeli sana inagonga lami. Kwenye matuta unajifunza kunyanyuka kwenye tandiko huku miguu ikiendelea na kazi.

Barabara inayoifaa fiksi hapa kwetu ni ya uwanja wa ndege, asubuhi kabla magari hayajaamka vizuri. Unapita Kirumba, malori ya dagaa yanaingia na kutoka Mwaloni, unaendelea Pasiansi mpaka uwanja wa ndege. Haina mwinuko wa kutisha. Hapo ndipo nilipoelewa watu wanapenda nini kwenye kitu hiki. Mwendo unaushika miguuni. Ukitaka kupunguza kidogo kwa sababu daladala imewasha indiketa, hukimbilii breki, unazuia tu pedeli kwa unyayo na baiskeli inatii. Kwenye kilomita 25 kwa saa miguu inazunguka karibu mara 78 kwa dakika, mwendo ambao mwili hauulalamikii. Kurudi saa za mchana ni habari nyingine, kwa sababu jua likishapasha nchi kavu moto upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na gia moja haina pa kujificha. Unainama, unakubali kwenda polepole.

Mteremko ndio mtihani wenyewe. Kwa meno 18, ukifika kilomita 40 kwa saa miguu inatakiwa kuzunguka mara 124 kwa dakika, na huna ruhusa ya kuacha. Watu wanaona video za vijana wa ng'ambo wakishuka bila breki, wanafunga gurudumu la nyuma kwa miguu na kuteleza. Baiskeli zisizo na breki kabisa zilitengenezwa kwa ajili ya mbio za kwenye uwanja wa kuzunguka, ambako wote wanaelekea upande mmoja na hakuna mama anayevuka na ndoo ya samaki kichwani. Mimi breki zangu zote mbili zipo, na ya mbele siiondoi hata ukinilipa. Miguu peke yake inazuia gurudumu la nyuma, lakini nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, kwa sababu unapofunga breki uzito wote unaelekea huko. Huko kuteleza pia kunakula tairi sehemu zile zile. Ukiwa na 48 kwa 16, hesabu inagawanyika ikawa 3 kwa 1, na mguu mmoja ule ule ukitangulia kila mara tairi litalika mahali pamoja tu. Kwa 46 na 18 ni mahali 9. Anayetaka michezo hiyo aanze na hesabu hiyo.

Na cheni ya fiksi isilegee. Kwenye friwili cheni ikichomoka unapoteza nguvu ya kunyonga tu, unasogea pembeni unairudisha. Kwenye fiksi inaweza kujinasa na kufunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Naikagua kwa kidole kila kabla ya kutoka: ikicheza juu na chini kama sentimita moja, sawa. Zaidi ya hapo nakaza.

Vipuri vimenishangaza kwa uzuri na kwa ubaya. Uzuri ni kwamba cheni nene ya Phoenix inakaa sawasawa kwenye meno yangu, na friwili ya meno 20 niliyonunua kwenye duka la kawaida la vipuri iliingia kwenye habu bila kubembelezwa. Cheni ya gia nyingi ni nyembamba, bei yake juu, na haidumu kwenye vumbi letu. Gia ya fiksi yenyewe sikuipata Mwanza. Nilimwagiza mtu aliyekuwa safarini.

Ubaya ni matairi. Muuza duka atakuambia "28 ni 28", atakupa tairi la Phoenix, utalivalisha, litapwaya. Rimu ya Phoenix ya 28 ina kipenyo cha milimita 635, ya kwangu ni 622. Zote zinaitwa 28 mtaani, lakini haziingiliani. Usisome namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe. Tafuta ile ndogo pembeni, kwa mfano 32-622. Ya mbele ya mstari ni upana, ya nyuma yake ndiyo kipenyo. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba matairi ya baiskeli za milimani yanayoitwa 29 nayo ni 622, ila ni mapana, hivyo kama fremu yako ina nafasi unaweza kuokoka nayo. Yangu haina nafasi hiyo. Nimeishia kwenye 32, na nashauri usishuke chini ya hapo. Ilikuja na upana wa 28, nyembamba, na kokoto za kingo za barabara ya Buhongwa ziliifanya mteja wa kudumu wa viraka.

Je, inashinda Phoenix? Kwa kubeba, hata haikaribii. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza mkaa, aliizunguka mara moja akauliza, "Sasa mwanangu, gunia unaweka wapi?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo, fremu yangu haina hata matundu ya kufungia keria. Phoenix inazidi kilo 20, inabeba mtu na mbuzi wake, na kila fundi kutoka hapa mpaka Magu anaijua kwa kuipapasa. Ya kwangu ni nyepesi sana, naibeba begani ngazi za mawe mpaka mlangoni, na kwa sisi tunaoishi juu ya miamba hiyo siyo faida ndogo.

Kwa anayeishi Nyakato, Igoma au njia ya Pasiansi na anaenda kazini na begi la mgongoni tu, ningemwambia achukue ya gia moja, friwili, meno 18 nyuma, tairi 32, breki mbili. Fiksi aijaribu baadaye kama habu yake ina upande wa pili. Wa Isamilo na Bugando waweke 20, au 22 wakiipata, wasiwasikilize wanaosema ni gia ya watoto. Mwenye mzigo abaki na Phoenix.

Kwa sasa gurudumu langu liko upande wa friwili. Mvua zimeanza, rimu zikilowa breki zinachelewa kushika, na barabara ya kushukia kwangu ina mchanga ulioletwa na maji. Nitaligeuza tena zikiisha.