Kadi ya Costco: dola 65 za kiingilio, zinalipa kweli?

Mliofika Marekani juzijuzi mnaniuliza sana hii ya Costco, lile duka la jumla linalouza vitu kwa mafungu makubwa kwa wenye kadi tu, eti kwa nini mtu alipie kuingia dukani wakati Walmart unaingia bure. Mi nasema angalieni kwanza kwenu mko wangapi na friza lina nafasi kiasi gani.

Kadi ya kawaida ni dola 65 kwa mwaka tangu Septemba 2024, zamani ilikuwa 60. Ile ya Executive ni 130 na inakurudishia asilimia 2 ya manunuzi, kwa hiyo piga hesabu, hiyo 65 ya juu inarudi ukishatumia dola 3,250 kwa mwaka, yaani kama 270 hivi kila mwezi, chini ya hapo unawachangia tu.

Bei zao ni nzuri kweli. Hawa jamaa bidhaa nyingi hawaongezi zaidi ya asilimia 14 au 15 juu ya bei waliyonunulia, faida yao kubwa inatoka kwenye hizo kadi zetu. Mchele wa gunia, mafuta ya kupikia, nepi, maji ya katoni (sherehe na misiba yetu huku bila Costco sijui ingekuwaje), hapo tofauti unaiona. Kirkland, chapa yao wenyewe, naikubali sana hasa karanga na mafuta ya zeituni. Hotidogi na soda dola 1.50 tangu 1985, haijapanda. Kuku mzima wa kuchoma 4.99, ila wamemuweka kule nyuma kabisa, mpaka umfikie umeshapita kwenye TV, masufuria na magodoro, na ndo hapo wanapotupata, maana mtu akishatoa 65 yake anataka airudishe, anafuata mkate tu anatoka na toroli la dola mia mbili, mkate wenyewe kasahau.

Ukiwa peke yako kwenye chumba cha kupanga, achana nayo, utakula mayonezi ileile mpaka uichukie. Wenye familia chukueni, tena inakuja na kadi ya pili bure kwa mtu mnayekaa nae nyumba moja. Ya kuazima msijaribu, siku hizi wanaiskani mlangoni na picha yako inatokea. Usiporidhika wanarudisha ada yote. Na kama unalipa kwa kredit kadi beba Visa, nyingine hawapokei.