Kipima oksijeni cha kidoleni: kilisoma 98, kumbe damu yangu ni 7.4

Ofisi yetu hapa Tanga iko ghorofa ya tatu. Mwaka jana ngazi zilianza kunishinda: nikifika juu nahema, moyo unadunda hadi masikioni, hata salamu siwezi kuitikia mpaka nikae. Mama alihofia moyo. Nikaenda duka la dawa nikanunua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, shilingi 35,000, kinatumia betri mbili za AAA.

Kinatoa namba mbili, asilimia ya oksijeni na mapigo kwa dakika. Nikiwa nimetulia nilipata 98 na 96; nikimaliza ngazi, 98 na 148. Karatasi ya kwenye boksi inasema 95 hadi 100 ni kawaida, basi nikaishika hiyo 98 wiki sita nzima. Namba ya pili, iliyokuwa ikisema kweli, niliipuuza.

Daktari alinisikiliza kifua kutafuta pumu na mlio usio wa kawaida wa valvu, akanipapasa shingo kwa ajili ya tezi, akauliza kuhusu mimba, dawa ninazotumia, miguu kuvimba, na kama nikilala chali pumzi inabana. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mwendo wa kasi tu. Jibu lilitoka kwenye damu: himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa 7.4, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike angalau 12.

Nikamwonyesha kifaa changu. "Dada, hiki hakijakosea," akasema. "Daladala zako zote zimejaa abiria, ndiyo hiyo 98. Ila zimebaki chache, kwa hiyo moyo unazikimbiza tripu nyingi." Hapo ndipo nilipoelewa.

Chanzo ni hedhi yangu, siku nane na mabonge, ambayo tangu usichana niliiona ni maumbile tu. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Inaniuma kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema.

Natumia vidonge vya madini chuma, mbali na chai maana inazuia madini yasifyonzwe. Choo kinakuwa cheusi, usiogope. Baada ya miezi mitatu damu imefika 11.3, na ngazi zile zile zinanipa mapigo 112. Vidonge bado naendelea navyo ili akiba ijae, na uvimbe unafuatiliwa.

Kifaa nakipa nyota nne kwa kuhesabu mapigo. Kikisoma chini ya 90 umetulia, au kifua kinauma, au umezimia, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Lakini kikisoma 98 na bado unatweta, kapime wingi wa damu.

Kitu kingine, kinadada: piko nyeusi na rangi ya kucha huvuruga usomaji. Idi hii nilipaka mikono yote miwili, nikaacha kidole kimoja cha kushoto.