Debian 12 kwenye Atom N270: makao ya mwisho ya biti 32

Kompyuta ninayoizungumzia ni mojawapo ya zile ndogo za inchi 10 zilizoenea kuanzia mwaka 2008. Prosesa yake ni Intel Atom N270, yenye kiini kimoja cha gigahezi 1.6, na ni ya biti 32, yaani haiwezi kuendesha programu za biti 64 zilizotengenezwa kwa prosesa za kisasa. Nimeisakinishia Debian 12, mfumo endeshi wa bure wa Linux uliotoka Juni 2023, kwa sababu hilo ndilo toleo la mwisho la Debian kuja na kisakinishi na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) za prosesa za aina hii.

Usakinishaji haukunisumbua. Nilichagua LXDE, mazingira mepesi ya eneokazi, na mashine ilipokwisha kuwaka ilitumia chini ya megabaiti 300 kati ya gigabaiti moja ya RAM iliyomo. Kuandika nyaraka, kusoma barua pepe na kusikiliza muziki hakuna shida, hasa baada ya kuondoa diski ya zamani na kuweka SSD. Tathmini hii nimeiandika humo humo. Kinachoielemea ni kivinjari: ukifungua kurasa mbili zenye picha na video, RAM inajaa na hata kuandika neno moja kunakuwa kwa kusubiri.

Anayetaka kuitumia kwa miaka ijayo ajue kwamba njia ya kupanda hadi toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, imefungwa, na waundaji wenyewe wameshauri wenye mashine za biti 32 wasijaribu. Vifurushi vya programu vya i386, yaani usanifu (aina ya prosesa) wa biti 32 wa Intel, bado vimo, lakini vimebaki kwa ajili ya kuendesha programu za zamani juu ya prosesa ya biti 64. Uamuzi huo unaonekana wazi zaidi katika suala la saa. Hesabu ya sekunde ya biti 32, ambayo kompyuta hutumia kujua saa na tarehe, itajaa tarehe 19 Januari 2038, na katika toleo la 13 usanifu mwingine wa biti 32, kama armhf wa prosesa za ARM, ulihamishiwa kwenye hesabu ya biti 64, ilhali i386 iliachwa ilivyo ili programu hizo za zamani zisivunjike. Kwangu mimi hiyo ni dalili kubwa kuliko tangazo lolote: usanifu huu sasa unahifadhiwa, hauendelezwi.

Wengine walikwisha kuondoka. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, Windows 11 haikuwahi kuwa na toleo la biti 32, na Mozilla imeifanya Firefox 144 kuwa ya mwisho kwa Linux ya biti 32. Siwalaumu. Kila usanifu unahitaji watu wa kuujaribu na kuurekebisha, na kuijenga programu kubwa kama kivinjari kunaweza kudai kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4, ambazo ndizo kikomo cha anwani za biti 32. Hata hivyo inaniuma kuona mashine nzima, yenye kibodi nzuri, ikikosa mfumo.

Kwa hiyo, aliye nayo tayari namshauri aweke Debian 12 bila kusita na aitumie kwa maandishi, kwani toleo hilo limepangiwa masasisho ya usalama hadi Juni 2028. Anayetaka kununua iliyotumika aulize kwanza jina la prosesa, na akitajiwa N270, aiache, hata ikiwa bei ni ndogo.