The Bell Jar: nimeisoma nikiwa Tanga, na ninaowashauri waisome

Nakala yangu ni ya mtumba, nimeinunua kwa muuza vitabu wa kutandika chini hapa mjini. Ni riwaya ya Sylvia Plath, mwandishi wa Marekani. Ilitoka London Januari 1963 kwa jina la kubuni, Victoria Lucas, na mwezi uliofuata Plath akajiua, akiwa na miaka 30. Kwao Marekani haikuchapishwa hadi 1971. Nayataja haya mwanzoni ili anayetaka kuisoma ajue anaingia wapi.

Mhusika ni Esther Greenwood, msichana wa chuo anayeongoza darasani tangu utotoni. Majira ya joto ya 1953 anapata nafasi ya mwezi mmoja kwenye jarida la wanawake New York: karamu, zawadi, kupigwa picha. Kila mtu anaona binti kafika, na yeye ndani hahisi chochote. Akirudi kwa mama yake, kwenye kitongoji cha Boston, anakuta kozi ya uandishi aliyoitegemea wamemkataa. Hapo ndipo anapozama.

Plath haandiki kwamba Esther ana huzuni kisha akaendelea na hadithi. Anakuonyesha blauzi ile ile mwilini, wiki baada ya wiki. Haogi wala hafui, kwa kuwa haoni maana ya kuosha leo kitu ambacho kesho kitataka kuoshwa tena. Usiku hapati usingizi. Anashika kalamu amwandikie rafiki yake barua, herufi zinatoka kubwakubwa kama za mtoto, mistari inateremka upande. Msomaji hodari kama yeye anafungua kitabu na maneno hayaingii.

Nilipofika hapo nilimwona mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alirudi kutoka chuoni Dar, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, akawa ndani tu. Nywele alizosukwa twende kilioni zikafumuka zenyewe kichwani, zikashikana, na kitana hakugusa. Majirani walisema maringo ya usomi. Shangazi akasema, "Mwanangu, huyu kaingiliwa na kitu, tumtafutie kombe." Kombe likaandikwa, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, akanywa, na sheikh akamsomea kwa upole kweli, nyumba ikapata utulivu kidogo. Lakini hakulala. Jina la ugonjwa, sonona, tulilisikia baadaye sana, hospitalini. Riwaya hii imenifungulia kile ambacho yeye hakuweza kutueleza, kwamba kunyanyua kitana kulikuwa kazi nzito isiyo na sababu.

Mama yake Esther naye amenigusa. Si mtu mbaya, ni mjane anayehangaika. Binti akisema hataki tena kurudi kwa daktari wa kwanza, mama anafurahi: alijua mwanawe si kama wale wagonjwa wengine, alijua ataamua kuwa mzima. Kuamua! Ni maneno yale yale tunayoyasema barazani: jikaze, acha kujiendekeza, mbona wenzio wanaweza.

Daktari huyo wa kwanza, Gordon, anampa tiba ya umeme ovyo mpaka anatoka na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo. Baadaye anajaribu kujiua, analazwa, na katika hospitali nzuri anakutana na daktari mwanamke, Nolan, na tiba ile ile ikifanywa inavyopasa inamsaidia. Kilichonipendeza kwa Nolan ni kwamba anasikiliza. Esther anamwambia anamchukia mama yake, na daktari hashtuki wala hamhubirii. Hewa inaanza kumfikia, maana Esther aliona kama amefunikwa na bell jar, kile kifuniko cha kioo cha maabara ya fizikia, anavuta pumzi zake mwenyewe zilizochacha. Ndicho kilichokipa kitabu jina.

Ila tuseme ukweli, hospitali hiyo nzuri inalipiwa na mama mmoja tajiri, mwandishi aliyekuwa akimfadhili chuoni. Bila yeye, Esther angebaki wodi ya serikali. Sisi wa mkoa huu tuna Lutindi, kule milimani upande wa Korogwe, ambako wagonjwa wa akili wametunzwa tangu enzi za Wajerumani, na bado familia nyingi huona aibu kutaja kwamba ndugu yao yuko huko. Na Kanuni ya Adhabu yetu inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nilipokuwa nasoma jinsi Esther anavyopokewa baada ya kujaribu, nilijiuliza wangapi kwetu wananyamaza kwa kuogopa polisi.

Kuna sehemu iliyoniudhi na siwezi kuiruka. Hospitalini kuna mhudumu mweusi anayegawa chakula. Anachorwa kwa dharau, kisha Esther anampiga teke, na mwandishi anapita kana kwamba si kitu. Msomaji Mwafrika ataumia hapo. Mimi niliumia, nikaendelea, kwa sababu yaliyobaki ni ya kweli mno.

Kiingereza chake si kigumu, sentensi fupi, sura 20. Mwalimu wa sekondari, mzazi mwenye binti chuoni, nesi, shehe anayeletewa wagonjwa nyumbani: hawa ningependa wakisome kabla ya wengine wote. Ambaye sasa hivi mwenyewe yuko gizani asikisome peke yake, kwani kuna kurasa ndefu za Esther akiwaza kifo, na rafiki yake mmoja anakufa. Huyo kwanza amwambie mtu anayemwamini, na aende hospitali, kitabu kitamngoja. Mwenye haraka afungue sura ya 11, Esther yuko kwa daktari Gordon na blauzi yake isiyofuliwa, na daktari ana picha ya familia yake nzuri mezani.