Miaka miwili na CiviCRM ofisini kwetu Moshi: bibi mmoja, simu moja, wajukuu watano

Ofisi yetu iko Moshi mjini, chumba kimoja na nusu juu ya duka la vifaa vya umeme, si mbali na soko la Mbuyuni. Tunasomesha watoto wanaolelewa na bibi zao au ndugu wengine huko Uru, Kibosho na Old Moshi, na wachache wa Pasua. Mimi ndiye katibu, ndiye mpokea simu, na kwa miaka miwili sasa ndiye "mama wa mfumo", yaani mlezi wa CiviCRM, programu yetu ya kumbukumbu. Cheo hicho nilipewa na mhasibu wetu kwa utani, kikaganda.

Zamani tulikuwa na Excel. Niseme ukweli, tulikuwa na Excel nne: ya watoto, ya wafadhili, ya mhasibu, na moja iliyoitwa "MPYA KABISA TUMIA HII", ambayo ilikuwa kuukuu kuliko zote. Safu ya simu ilikuwa imekatwa vichwa, maana Excel ikiona 0754 inadhani ni hesabu na inaimeza ile sifuri. Mfadhili akiuliza mtoto wake anaendeleaje, tulifungua faili mbili, tukapiga simu kwa mwalimu, kisha tukaomba muda.

CiviCRM ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za watu wote wanaoizunguka asasi isiyo ya faida: wachangiaji, wanachama, wanufaika, wanaojitolea, hata viongozi wa kata. Imekuwepo tangu 2005. Leseni yake ni AGPL toleo la 3, kwa hiyo unaipakua, unaitumia na unaweza kuibadilisha bila kumlipa mtu. Huiweki kwenye laptopu kama Word. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayowaka muda wote, ndani ya tovuti iliyojengwa kwa WordPress, Drupal, Joomla au Backdrop, na siku hizi inaweza pia kusimama peke yake. Wikimedia Foundation, wale wenye Wikipedia, wanaitumia kwenye michango yao. Nilipomweleza mwenyekiti wetu hilo nikidhani nimemaliza mjadala, mzee aliniangalia juu ya miwani: "Na wao wana mafundi wangapi, mwanangu?"

Sisi tulikuwa na mmoja, kijana wa kompyuta aliyekuwa anajitolea siku mbili kwa wiki. Alianza kuiweka kwenye nafasi ya tovuti ya bei chee tuliyokuwa tunalipia kwa mwaka. Ikagoma. Ukifungua ukurasa wa kutafuta mtu unakwenda kuchemsha chai, unarudi, bado unazunguka. Tukakodi seva ndogo ya peke yetu, kama shilingi 30,000 kwa mwezi, na hapo ikapumua. Anayekuambia programu huria ni ya bure kabisa muulize seva analipa nani, na bando la ofisi, na soda ya fundi.

Kilichonifanya niipende ni kitu ambacho sikukitegemea. Inajua nani ni wa nani.

Programu hii ina aina tatu za msingi za kumbukumbu: mtu mmoja, kaya na taasisi. Halafu kati yao unafunga uhusiano, na kila uhusiano unasomeka pande mbili. Ukiandika kwamba huyu ni mzazi wa yule, basi ukifungua ukurasa wa yule unakuta ni mtoto wa huyu, bila kuandika mara ya pili. Unaweza kuweka tarehe uhusiano ulipoanza na ulipokoma. Inakuja na mahusiano yake tayari: mzazi, mwenzi wa ndoa, ndugu, mwajiri, mkuu wa kaya. Sasa hapo ndipo niliposhika kiuno. Bibi mlezi hayumo. Mama mdogo hayumo, baba mkubwa hayumo, wala yule jirani anayetia sahihi shuleni kwa sababu mama wa mtoto yuko Dar. Lakini unaruhusiwa kutengeneza ya kwako. Nikakaa jioni moja na kuandika "Ni mlezi wa" na upande wa pili "Analelewa na", kisha "Ni bibi wa", kisha "Hupokea simu kwa niaba ya". Huo wa mwisho ndio tunaoutumia kuliko yote.

Tuna bibi mmoja Uru mwenye wajukuu watano waliotoka kwa watoto wake watatu, majina ya ukoo matatu tofauti, na simu moja ya kitochi ambayo huzimwa mchana ili chaji ifike jioni. Kwenye Excel wale walikuwa mistari mitano isiyojuana. Sasa ni kaya moja, bibi ndiye mkuu, na anwani ikibadilishwa kwenye kaya inabadilika kwa wote. Mfadhili wa mmoja wao alipotaka kujua kama mtoto ana ndugu wengine tunaowasomesha, nilimjibu nikiwa bado kwenye simu.

Kuna sehemu ya mipangilio ya kubadilisha maneno yanayoonekana kwenye skrini. Pale palipokuwa na "Household" tukaweka "Kaya", na "Contribution" ikawa "Mchango". Si tafsiri ya programu nzima, na Kiingereza bado kimejaa kwenye menyu, lakini wenzangu ambao Kiingereza kinawachosha waliacha kuniita kila dakika tano.

Majina sasa. Mtu aliyebuni kanuni za kutafuta wanaofanana, yaani mtu yuleyule aliyeandikwa zaidi ya mara moja, alifikiria watu wenye baruapepe. Kanuni inayotumika kimya kimya unapoingiza faili, kwa mpangilio wa kawaida, inatazama baruapepe. Huku kwetu bibi wa Kibosho hana baruapepe, na jina la kwanza Neema lenye ukoo wa Mushi tulikuwa nalo mara saba. Saba! Watatu walikuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara tatu, wanne walikuwa watu kweli. Unaweza kutunga kanuni yako, ukagawa alama: simu ina alama kadhaa, jina la kwanza kadhaa, ukoo kadhaa, na zikifika kiwango fulani inakuonyesha jozi uamue. Nikatunga ya simu na jina. Nilijiona mjanja.

Nilikosea hivi. Binamu wawili wa kike, wote wamepewa jina la bibi yao kama tunavyofanya huku, wanakaa kwa bibi huyohuyo, simu ni ileile, shule ni ileile. Mmoja darasa la tano, mwingine la sita. Mfumo ukaniambia wanafanana, nikaangalia haraka haraka, nikabonyeza kuunganisha. Mtu aliyefutwa unaweza kumrudisha kutoka kwenye pipa la takataka. Watu waliounganishwa hawatenganishwi kwa kitufe chochote. Michango ya wafadhili wawili ikawa ya mtoto mmoja, na mtoto wa pili akawa hayupo duniani. Niligundua wiki moja baadaye, mhasibu aliponiuliza kwa upole, "Dada, hivi huyu binti analipiwa ada mara mbili?" Kijana wetu alilazimika kufungua pembeni bakapu, yaani nakala ya akiba, ya siku ile, mimi nikaandika upya kwa mkono kila kilichopotea. Tangu hapo kanuni yangu inadai na mwaka wa kuzaliwa, na siunganishi mtu yeyote baada ya saa tisa alasiri.

Upande wa fedha nitapita upesi. Hatujaunganisha malipo ya simu moja kwa moja. Tunaingiza kwa mkono. Tuliongeza M-Pesa na Airtel Money kwenye njia za malipo, na namba ya muamala tunaiandika kwenye sehemu yake. Namba hiyo haikubali kurudiwa. Baada ya mchango wa Desemba, Wachagga wakiwa wamerudi nyumbani na mifuko bado ina kitu, mimi na mhasibu tuliingiza muamala uleule kila mtu kwenye meza yake, na mfumo ukamkatalia aliyechelewa. Kwa hilo peke yake mhasibu aliusamehe mengi. Usitegemee ikubadilishie euro kuwa shilingi. Kila mchango unabaki na sarafu yake. Na si programu ya uhasibu, vitabu vyetu bado viko kwingine.

Desemba hiyohiyo tulitumia makundi yanayojijaza yenyewe. Unaeleza masharti, kwa mfano wachangiaji wanaoishi Dar ambao asili yao ni Kibosho, na kundi linajisasisha kadiri watu wanavyoingia na kutoka. Ule mwaliko wa kikao cha nyumbani ambao zamani ulitukalisha siku mbili tukikwaruzana juu ya nani kasahaulika, tuliumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kutuma baruapepe kwa wingi kulitutoa jasho. Programu ilikataa kutuma barua ya kwanza hadi tuweke kiungo cha mtu kujiondoa na anwani yetu ya posta. Mwanzoni niliona ni usumbufu, siku hizi naona ni adabu. Halafu barua zikaenda zote kwenye taka za wapokeaji kwa sababu kikoa chetu, yaani lile jina letu la mtandaoni, hakikuwa kimepangwa vizuri, na zilizopangiwa muda hazikutoka kabisa kwa kuwa tulisahau kuweka ile kazi ya seva inayouamsha mfumo kila baada ya dakika chache. Hilo halijiwekei lenyewe. Muulize fundi wako mapema. SMS inawezekana ukiwa na kampuni ya kukupitishia ujumbe iliyounganishwa na mfumo. Sisi bado tunatoa orodha ya namba na kuituma kwa njia nyingine, jambo linalonikera kwa sababu walezi wetu wote ni watu wa SMS.

Kitu ambacho asasi ndogo huku hatukizungumzi vya kutosha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sisi tunatunza habari za watoto. Excel ya ofisi ilikuwa inazunguka WhatsApp kama mwaliko wa harusi. Sasa kila mtu ana akaunti yake, anayejitolea anaona orodha ya mahudhurio tu, na ukiwasha kumbukumbu za mabadiliko unajua nani alibadilisha nini na lini. Haiji ikiwa imewashwa, uiwashe mwenyewe.

Kama mna watu mia mbili na mfadhili mmoja, bakini na Excel, ila safu ya simu iwekeni kuwa maandishi. Kama watu wenu ni maelfu na wamesokotana kama wetu, jaribuni hii, lakini kabla ya kuingiza jina hata moja mpateni mtu wa kuilea. Toleo jipya hutoka kila mwezi, na lipo jingine la usalama linalodumu muda mrefu zaidi kwa wasiopenda kuhangaika. Ukiacha mwaka mzima bila kusasisha, siku ukiamka utalia.

Kijana wetu amepata kazi Dodoma mwaka huu, tukamwombea heri huku tunameza mate. Kabla hajaondoka alinikalisha Jumamosi tatu. "Mama, bakapu kwanza. Halafu bakapu. Ndipo uguse." Jumamosi iliyopita nilisasisha peke yangu kwa mara ya kwanza, kuanzia saa mbili usiku wenzangu wakiwa hawatumii. Umeme ulikatika mara moja, lakini seva haiko Moshi, kwa hiyo ilikatika laptopu yangu tu. Saa nne na robo skrini ilirudi, nikatafuta jina la yule bibi wa Uru, wajukuu wote watano wakaja chini yake. Nikamtumia kijana picha ya skrini, naye akajibu kwa swali moja: bakapu umeihifadhi wapi?