Kermit: nimeitumia kutoa hesabu za tumbaku kwenye kompyuta iliyokufa nusu

Programu hii ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta mbili kwa waya ni ya bure, imezaliwa 1981, na kwa siku mbili niliitukana kuliko programu yoyote niliyowahi kuifungua. Naipa nyota nne kati ya tano. Ngoja nieleze ilikuwaje.

Mimi ni fundi kompyuta, kibanda changu kiko Kanyenye, hapa Tabora mjini. Kazi zangu nyingi ni laptopu zilizomwagiwa chai na wanafunzi wanaotaka kuchapa barua. Mwezi uliopita akaja mzee mmoja, karani mstaafu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, mjukuu wake akisukuma baiskeli. Kwenye keria walikuwa wamefunga kwa mpira kompyuta ya zamani ya aina ya 386, nzito kama gunia la mahindi.

"Mwangaluka, fundi. Humu kuna misimu tisa. Mashine siihitaji. Nataka majina na kilo."

Iliwaka. Diski ya MB 40 ililia kama kinu cha kukoboa, ikatulia, DOS 3.3, mfumo wa amri wa enzi hizo, ikafunguka. Lakini kisomeo cha disketi kilikuwa kimekufa, tundu la USB hakuna, netiweki hakuna. Nikasema nitaing'oa diski niipachike kwenye adapta yangu; kumbe ni zile za mikanda miwili, hazina undugu na adapta yoyote niliyonayo. Nyuma ya mashine kulibaki njia moja tu: poti ya siriali ya pini 25, tundu linalopitisha data biti moja moja.

Hapo ndipo Kermit inapoingia. Iliandikwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na Frank da Cruz na Bill Catchings. Wanafunzi walikuwa wanagombea nafasi ndogo ya diski kwenye kompyuta kubwa za chuo, ikatakiwa njia ya kuyahamishia mafaili yao kwenye disketi za kompyuta ndogo. Shida ni kwamba kila mashine ilikuwa na lugha yake na tabia zake. Jina wamelitoa kwa yule chura wa kwenye televisheni. Ukutani ofisini kwao palikuwa na kalenda yenye picha yake.

Ninachoipendea ni kwamba hawa jamaa hawakuuamini waya wala mashine ya upande wa pili. Kompyuta nyingine za wakati ule zilikuwa zinameza herufi za amri zikidhani zinaambiwa zenyewe, nyingine zilikuwa zinasongwa ukizimwagia data nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo Kermit inaligeuza karibu kila kitu kuwa herufi za kawaida zinazochapika, kisha inalikata faili vipande vifupi, ndizo pakiti. Urefu wa pakiti wenyewe unaandikwa kwa herufi moja tu, ndiyo maana pakiti ya kawaida haivuki 94. Kila pakiti ina namba yake na hesabu ya kuikagua, na mpokeaji anajibu Y kama imefika salama au N kama imeharibika, irudiwe. Sisi tuliozaliwa Unyamwezi tunaielewa haraka: ni msafara wa wapagazi. Mzigo mmoja mtu mmoja, na mnyapara anahesabu kabla hajaruhusu safari iendelee.

Sasa shida. Ili Kermit ya laptopu izungumze na mashine ya mzee, lazima na mashine ya mzee iwe na Kermit. Utaiingizaje na mlango ndio huohuo unaoutafuta? Waliliwaza hilo. Kuna faili la aina ya BOO, yaani programu nzima imeandikwa kwa herufi za kawaida, na kuna kiprogramu kifupi cha BASIC, lugha nyepesi ya kuandikia programu, cha kuligeuza liwe programu tena. Hicho cha BASIC nilikiandika kwa mkono kwenye kibodi ya mzee, ambayo kitufe cha R kinataka kibonyezwe kwa hasira. Halafu nikaiambia DOS inakili kila kinachotoka kwenye COM1, yaani ile poti ya siriali. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ilidondosha herufi ovyo. Nikashuka hadi 1200, ikanigomea mara mbili, ya tatu ikapita, karibu robo saa kwa toleo dogo la zamani la Kermit. Hilo dogo ndilo lililovuta toleo 3.14, na safari hii pakiti zikikaguliwa moja moja.

Nimeruka waya. Waya niliununua kwa muuzaji wa mtandaoni, ukaletwa na basi, umeandikwa kuwa ni wa kukutanisha kompyuta mbili. Uongo. Ndani ulikuwa umenyooka, pini ya 2 kwa ya 2. Nikaukata, nikavusha 2 na 3, za kutuma na kupokea, nikaacha ya ardhi ilivyo, nikaunga kwa risasi. Kama nawe utaununua, pima kwanza kwa mita.

Upande wa laptopu nina mfumo wa Linux na C-Kermit 9.0, Kermit ya upande huo. Mwaka 2011 Columbia walifunga mradi, na C-Kermit ikaachiwa kwa leseni huria, kwa hiyo hamna ufunguo wa wizi wala siku thelathini za majaribio. Ila unakutana na skrini nyeusi na alama ya kusubiri amri. Hakuna kitufe hata kimoja. Ilinigomea kufungua laini mpaka nilipoandika `set carrier-watch off`, kwa sababu ilikuwa inasubiri dalili ya modemu ambayo haipo. Maelezo yote yameandikwa, ni marefu mno, na jibu lako liko katikati ya aya ya kumi na mbili.

Kisha likatokea lile lililonifanya niinyime nyota ya tano. Faili la kwanza la dBASE, programu ya zamani ya kutunza orodha, lilipita vizuri, hakuna kosa lolote kwenye skrini. Nalifungua: Masanja amekuwa "asanja", Kulwa amekuwa "ulwa". Ukurasa mzima wa watu wasio na vichwa. Mzee akanitazama tu.

Kosa lilikuwa kwamba Kermit ya DOS, usipoiambia vingine, inalichukulia faili kama maandishi. Linux haitumii alama ya kurudisha mstari ambayo DOS huiweka, kwa hiyo C-Kermit ikipokea maandishi inaiondoa. Na dBASE inafunga kichwa cha faili kwa baiti hiyohiyo, 0D. Ikang'olewa moja, data yote ikasogea hatua moja nyuma, kila jina likaliwa herufi ya mwanzo. Dawa ni `set file type binary` kabla ya kutuma. Neno moja. Programu iliyoogopa kila kitu duniani, hili ikaliacha mikononi mwangu.

Kasi ni ya kinyonga, lakini mara nyingi ni kwa kutoijua. Faili la KB 412 kwa 9600 na pakiti fupi lilichukua dakika 13. Nilipopanda hadi 19200, pakiti za 1000, na kuruhusu pakiti nne ziwe njiani bila kusubiri jibu la kila moja, faili lilelile likapita kwa dakika tano kasoro. Ongeza na `set block-check 3` kwa ukaguzi mkali zaidi. Muda inaoula ni mdogo. Ikiwa mashine zako zote mbili zina netiweki, achana na habari hii, tumia flashi.

Katikati ya faili la sita mjukuu aliupitia waya na mguu, ukachomoka. Kwenye skrini namba ya majaribio ikaanza kupanda: moja, mbili, tatu. Nikachomeka. Ikaendelea palepale ilipoachia, kama mtu aliyekatizwa na kikohozi.

Jioni tuliyafungua yote tisa. Mzee alikuja na daftari lake la kaunta, lile la jalada gumu, akawa analinganisha idadi ya wakulima kwa kalamu. Manane yakalingana. La msimu wa mwisho kompyuta ilisema 1,236, daftari 1,237. Nikarudia kulituma. 1,236. Nikaangalia kwenye mashine yenyewe, kwenye ile diski inayolia: 1,236.

Mzee akavua miwani, akapitisha kidole kwenye daftari kutoka juu hadi chini, akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Huyu alileta Ijumaa jioni," akasema. "Nikamwambia nitakuingiza Jumatatu."